Sura ya Nne: Wageni wa Miezi Minane

Anayetaka kuwaona vitwitwi wa Mama Ngina aanze kwa kuutazama mwezi. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari ya Mombasa hupanda na kushuka karibu mita 4, na maji hupwa kabisa mnamo saa nne za asubuhi. Saa hiyo mwamba ulio chini ya magenge huachwa wazi, na vidimbwi vyake, na mwani wake, na mchanga ulionasa katika mashimo ya matumbawe. Mtu akija siku za maji mafu, au akija saa kumi ya jioni ya bamvua maji yakiwa yamejaa pomoni, ataona mawimbi yakilipiga genge, kisha atarudi kwake akisema Mama Ngina hakuna ndege ila kunguru.

Mimi huja Januari, na huja mapema, maji yakiwa bado yanatoka. Mahali pangu ni penye mibuyu mikubwa, iliyokuwapo kabla ya barabara hii kuitwa Mama Ngina, na kabla haijaitwa Azania. Mbele yangu ni mlango wa Kilindini, ambako meli za makontena hupita karibu hata jina la ubavuni lasomeka bila darubini. Nyuma yangu ni njia za kutembelea na kuta na taa zilizojengwa upya na kufunguliwa Oktoba 2019, Sikukuu ya Mashujaa ilipofanyiwa hapa. Asubuhi hakuna watu wengi. Wauza madafu wanapanga mzigo wao, na kijana mmoja anamenya muhogo wa kukaanga kwa ajili ya jioni.

"Ami," aliniuliza siku moja, "waangalia nini huko chini kila siku? Meli si hizi hapa?"

"Naangalia ndege."

"Kunguru?"

Nilimpa darubini. Aliielekeza vibaya kwanza, akaona anga tupu. Nikamwonyesha jiwe lenye mwani, na upande wake wa kushoto, penye maji ya kifundoni. Akanyamaza kwa muda. Halafu akasema, bila kuitoa darubini machoni, "Kumbe wako wengi. Mbona hatuwaoni?"

Hawaonekani kwa sababu wamevaa rangi ya mahali. Kitwitwi aliyekuwa akimtazama ana mgongo wa rangi ya mchanga uliolowa, tumbo jeupe, mdomo mweusi, jicho kubwa. Anaposimama, amekuwa kokoto. Anapokimbia, anakimbia hatua tano sita kwa kasi, anasimama kama aliyeitwa, anainama kudonoa, kisha anakimbia tena. Ukishajua mwendo huo huwezi kuusahau, kwa kuwa hakuna ndege wa mjini atembeaye hivyo. Watu wa pwani tunalo neno moja, kitwitwi, kwa karibu ndege wote wadogo wa ufukweni, na silioni kuwa kosa: neno lenyewe ni sauti yao wanaporuka. Lakini ndani ya kundi lile moja la asubuhi ile walikuwamo wa aina tano au sita, na asili zao ziko mbalimbali kuliko asili za abiria wa kivuko cha Likoni.

Wawili kati yao ndio sababu ya sura hii. Wanafanana mno, na hata wazoefu huwabishania. Mmoja ni mkubwa kidogo, mwenye mdomo mrefu na mnene na miguu inayoelekea kijani. Mwingine ni mdogo, mdomo wake mfupi, miguu yake ya kijivu. Wanasimama pamoja juu ya mwamba mmoja wa Mombasa, wakila minyoo na vikaa vya hapa. Ila yule mkubwa ni mtoto wa jangwa. Aina yake huzaa katika tambarare kavu za changarawe na chumvi kuanzia Uturuki, kupitia Asia ya Kati, hadi Mongolia. Yule mdogo ni mtoto wa milima. Yeye huzaa Tibet, Himalaya na Pamir, juu ya mstari wa miti, kandokando ya maziwa ambayo wengi wetu hatutayaona.

Moja ya maziwa hayo ni Karakul, lililoko Tajikistan. Jina lake maana yake ni Ziwa Jeusi. Uso wa maji yake uko zaidi ya mita 3,900 juu ya usawa wa bahari, yaani robo tatu ya kimo cha Mlima Kenya, na kuuzunguka uso huo ni ardhi kame yenye mawe na chumvi, isiyo na mti. Kiangazi chao ni kifupi. Kitwitwi hutaga mayai matatu katika kishimo kidogo cha changarawe, na makinda yakishakauka manyoya hutoka kwenda kujitafutia chakula yenyewe siku hiyohiyo. Ifikapo Septemba usiku umekuwa mkali, na baadaye ziwa lote linaganda. Kutoka Karakul hadi Mama Ngina, ukipima kwa mstari wa moja kwa moja juu ya ramani, ni karibu kilomita 6,000.

Sisi tulio kwenye ikweta tunadhani ndege hawa hukimbia baridi. Si hivyo hasa. Manyoya ni blanketi nzuri, na wapo ndege wanaokaa juu ya theluji mwaka mzima. Kinachowafukuza ni njaa. Tope likiganda, mnyoo uliomo ndani yake umefungiwa kama chakula kwenye kabati lisilo na ufunguo, na mdomo wa kitwitwi haupasui barafu. Basi huruka kwenda kokote ambako tope ni laini, na tope la pwani yetu ni laini kila siku ya Mungu, mara mbili kwa siku, mchana na usiku. Nimewahi kuwasikia saa tano za usiku chini ya magenge, bamvua ikiwa imetoka, wakiitana gizani huku watu juu wakila muhogo na kupunga upepo.

Wanaopenda ndege katika nchi za kaskazini huwa na desturi ya kwenda kuwatazama majira ya baridi kwenye maziwa ya milimani na ya jangwani, wamejifunika makoti, wakitafuta waliobaki. Nasi tuna maziwa yetu ya namna hiyo, na katika miezi hiyohiyo yanajaa. Ziwa Turkana ndilo ziwa kubwa kuliko yote duniani kati ya yale ya kudumu yaliyo jangwani. Ukisimama kwenye ufuko wake Januari, upepo ukikupiga mchanga usoni, mstari wa maji unaonekana ukitetemeka; ukitazama vizuri, kinachotetemeka ni ndege. Ndege mmoja mdogo kuliko shomoro wetu wa mjini kwa uzito, anayezaa kando ya bahari ya barafu ya Urusi, amewahi kuhesabiwa huko zaidi ya laki moja katika hesabu moja, na hiyo ni zaidi ya sehemu moja ya kumi ya wote wanaokuja upande huu wa dunia. Ziwa Ol Bolossat la Nyandarua, lililo juu ya mita 2,300, hupokea bata kutoka Ulaya na Asia. Nakuru, Elmenteita na Bogoria hupokea wao pia, ingawa watalii huenda huko kwa ajili ya heroe na hupita juu ya wengine kama hawapo. Maziwa hayo matatu yaliandikwa kuwa urithi wa dunia mwaka 2011, mwaka uleule ilipoandikwa ngome yetu ya Fort Jesus, na hupenda kufikiri kwamba mkutano ulioyaandika yote uliunganisha vitu viwili ambavyo vitwitwi walikuwa wameshaviunganisha zamani.

Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, kila Januari, makundi ya watu wa kujitolea pamoja na Makumbusho ya Taifa, Shirika la Wanyamapori na Nature Kenya huzunguka maziwa hayo kuhesabu ndege wa majini. Nature Kenya ni jina la siku hizi la chama kilichoanzishwa mwaka 1909, na chini ya mwavuli wake Fleur Ng'weno alianza mwaka 1971 kuwaongoza watu kutazama ndege Nairobi kila Jumatano asubuhi. Nawataja kwa sababu kazi ya kuhesabu haina sifa wala malipo. Mtu anasimama juani kwa saa tatu, anahesabu kumi, kumi, kumi, mpaka macho yanatoa machozi. Na bila yeye hatungejua kama wamepungua.

Mombasa, wazee husema kaskazi ndiyo inayowaleta ndege. Mzee mmoja mvuvi, niliyemkuta akitengeneza dema chini karibu na Mji wa Kale, alinieleza hivyo baada ya kumwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Hawa wafuata majahazi. Kaskazi ikianza, majahazi yaja na tende, na ndege nao waja. Kusi ikivuma, wote wenda zao."

Ni maelezo mazuri, na yana haki ya kuheshimiwa, maana kwa karne nyingi mwaka wa mji huu ulipimwa hivyo. Kaskazi huvuma kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi, na ndiyo iliyoyaleta majahazi ya Oman, ya Kuwait na ya Uajemi, yakiwa na tende na mazulia na samaki wakavu, nayo yakingoja kusi ya Aprili yarudi na boriti za mikoko. Alan Villiers, baharia wa Australia, alisafiri katika jahazi la Kuwait mwaka 1938 na 1939, akapita Mombasa hadi Rufiji kuchukua boriti, na kitabu alichokiandika ni mojawapo ya kumbukumbu za mwisho za msimu ule ulipokuwa bado umekamilika.

Lakini ndege hawaingoji kaskazi. Vitwitwi wa kwanza nimewaona Mama Ngina mwezi wa Agosti, kusi ingali na nguvu, bahari imechafuka, hata wavuvi wa ngalawa hawajatoka. Wamekuja dhidi ya upepo wa chini, wakitumia pepo za juu ambazo nahodha hazipati. Nilirudi kwa mzee yule nikamwambia hayo, kwa adabu niwezayo. Alifikiri kidogo, akafunga fundo la dema, akasema, "Basi hao wa Agosti ndio manahodha. Waja kutazama njia." Sikuwa na la kuongeza.

Yuko ndege mmoja ambaye kwa huyo maneno ya mzee yanakaribia kweli zaidi. Ni mkubwa, mweupe na mweusi, miguu mirefu ya buluu ya kijivu, mdomo mnene kama wa buabua. Chakula chake ni kaa, na nitamwita mla-kaa. Mama Ngina hupita tu. Kumwona vizuri ni heri uende Mida, Watamu, ambako hukusanyika kwa mamia kwenye tope lililozungukwa na mikoko, na ambako watu wa A Rocha Kenya wamekuwa wakiwavisha vitwitwi pete miguuni ili kujua waendako. Mla-kaa hazai Siberia wala Tibet. Huzaa kwenye visiwa na fuko za mchanga za Bahari ya Shamu, Ghuba, Oman na Somalia: njia ileile ya majahazi, bandari kwa bandari. Kule Oman, karibu na kisiwa cha Masirah, kuna rasi ya Bar al Hikman yenye tope kubwa ambalo majira ya baridi huhesabiwa ndege wa ufukweni kiasi cha nusu milioni. Waswahili wa Maskati wanaotoka siku za mapumziko kwenda kuvua upande ule wanawaona ndege walewale ambao binamu zao wanawaona Watamu.

Namna anavyozaa inanistaajabisha kila nikiifikiria. Huchimba shimo refu mchangani, kama kaa anayemla, na ndani yake hutaga yai moja tu, jeupe. Kwa kuwa ni kiangazi cha Arabuni, mchanga wenyewe una joto la kutosha kulitunza yai, na mzazi huweza kutoka kwenda kutafuta chakula akaliacha. Kinda likitoka haliendi popote. Hukaa shimoni likiletewa kaa. Na hata likishajua kuruka, likavuka bahari hadi Kenya, bado linamfuata mzazi wake topeni likimlilia. Nimeliona Mida mwezi wa Novemba: kijana wa kimo kilekile cha mamaye, mabawa yamekamilika, ameinamisha kichwa na kulia kaa avunjiwe, na mama anavunja.

Weka hilo kando ya kitwitwi wa Karakul. Huyo wazazi wake huondoka mapema, yeye akibaki ziwani anenepe. Wiki kadhaa baadaye, bila mzee wa kumwongoza, akiwa na umri wa miezi miwili, anaruka kuelekea mahali ambapo hajapata kupaona, na anapapata. Wataalamu wamethibitisha kwamba ndege husoma jua, nyota na nguvu ya sumaku ya dunia, na kwamba uelekeo amezaliwa nao. Nakubali yote hayo. Hata hivyo ninapomtazama kitwitwi wa kwanza wa mwaka, manyoya yake ya mgongoni yangali na kingo nyeupe za utoto, akidonoa mwamba wa Mama Ngina kana kwamba alizaliwa Likoni, huwa nakaa kimya kwa muda.

Si wao peke yao juu ya bahari hii. Oktoba na Novemba, mvua za vuli zikikaribia, kerengende hujaa ghafla Mombasa, juu ya nyasi za Mama Ngina na juu ya uwanja wa gofu. Charles Anderson, mtaalamu wa viumbe vya baharini aliyekuwa akiishi Maldives, aliandika mwaka 2009 kwamba kerengende hao hutoka India, hupita visiwa vyake ambavyo havina mito ya kuwazaa, na huendelea hadi Afrika Mashariki juu ya pepo za juu. Majira hayohayo hupita kozi mdogo wa Amur, atokaye Uchina ya kaskazini-mashariki, naye huvuka bahari ile akielekea kusini mwa Afrika, na inaaminika kwamba hula kerengende njiani. Ukiupata mchana mmoja wenye mawingu mwishoni mwa Novemba, kaa ukutani utazame juu badala ya chini.

Na wale wanaosafiri usiku juu ya nchi kavu wana kituo chao katika njia yetu ya kwenda Nairobi. Ngulia, ndani ya Tsavo Magharibi, siku za giza la mwezi kati ya Novemba na Desemba, ukungu hushuka kilimani na taa za hoteli huwavuta ndege wadogo waliokuwa wakipita gizani. Tangu mwaka 1969 wamekuwa wakinaswa kwa nyavu nyembamba, kupimwa, kuvishwa pete na kuachiliwa alfajiri, na baadhi ya pete hizo zimepatikana baadaye mbali sana, Urusi na Arabuni.

Sasa nirudi kwenye lile neno ambalo kila mtu hulitumia, hata mimi katika kichwa cha sura hii: mgeni. Kitwitwi wa mlimani hufika Agosti au Septemba na huondoka Aprili, mwengine hukaa hadi mwanzo wa Mei. Hesabu kwa vidole. Miezi minane au tisa yuko hapa. Njiani anakula wiki kadhaa kwenda na wiki kadhaa kurudi. Katika ziwa lake la mlimani hukaa muda wa kutosha kutaga, kuangua na kuondoka. Vitabu vilivyoandikwa Ulaya humwita ndege wa huko anayekuja kwetu kupumzika, na tumelipokea hilo kama sala. Mtu anayelala kwako miezi minane, akala kwako, akabadili mavazi kwako, akakua kwako, hata kama alizaliwa kwingine na huenda kwao kujifungua, majirani wote watakuambia ni mtu wa mtaa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sululu, yule ndege mkubwa wa kahawia mwenye mdomo mrefu uliopinda, amebeba jina la chombo cha kuchimbia, na tangu Agosti yumo topeni anachimba.

Nasema haya kwa sababu anayeitwa mgeni hana wa kumtetea. Oktoba 2024 orodha ya dunia ya viumbe vilivyo hatarini ilipandisha ndege kumi na sita wa ufukweni kwa mpigo katika madaraja ya hatari zaidi, na kati yao wapo tunaowaona Mombasa na Mida kila kaskazi: kitwitwi mkubwa wa kijivu, mwenye kwapa jeusi; kitwitwi wa Siberia mwenye mdomo uliopinda; na yule anayepindua mawe kutafuta kilicho chini yake, ambaye Mama Ngina ndiko kwake hasa, kwa kuwa mawe ni mengi. Sababu ziko nyingi na nyingine ziko mbali, theluji inayoyeyuka nje ya wakati wake, matope ya Asia yaliyofukiwa kujengwa bandari. Lakini nyingine ziko mikononi mwetu. Mikoko ya hori za Tudor na Port Reitz imekatwa, na taka za mji zimekuwa zikiishia majini humo.

Kunguru nao wana sehemu yao. Hawa si wa asili ya hapa. Walipelekwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19 ili wale taka, wakatufikia Mombasa katika miaka ya 1940, na taka zetu zikawazidisha. Hula mayai na makinda ya ndege wenyeji, na huwasumbua hata vitwitwi waliotulia juu ya jiwe kungoja maji yatoke. Mwaka 2024 serikali ilitangaza mpango wa kuwapunguza kwa milioni moja. Siwachukii kunguru, ni sisi tuliowaita. Ila naona ajabu kwamba ndege aliyeletwa kwa meli tunamwona kuwa wa kwetu, na huyu aliyekuja kwa mabawa yake tangu kabla ya mji kujengwa ndiye mgeni.

Liko pia jambo la kufurahisha, na ni haki lisemwe. Kwa miaka mingi barabara ya Makupa, iliyojazwa kifusi, iliyatenga maji ya Tudor na ya Port Reitz. Mwaka 2022 daraja lilifunguliwa mahali pake, na maji yakapita tena kuzunguka kisiwa. Nilikwenda kusimama pale bamvua ya kwanza ya Agosti niliyoipata. Harufu ilikuwa bado ya zamani. Lakini chini ya daraja mkondo ulikuwa ukienda, na ukingoni, penye tope jipya jembamba, alikuwapo kitwitwi mmoja, yule anayetikisa mkia bila kupumzika, akila.

Ukiwa na nafasi ya kuja mara moja tu kwa mwaka, usije Januari kama mimi. Njoo mwishoni mwa Machi. Joto ni kali, kaskazi imechoka, bahari imelala kama mafuta, na watu wa mji wanalalamika. Wakati huo vitwitwi wanafanya mambo mawili. Kwanza wanakula kama ambao hawatakula tena, wakijaza mafuta chini ya ngozi hata wanabadilika umbo, shingo inapotea. Pili wanabadili mavazi. Yule ndege wa rangi ya mchanga uliolowa anaanza kuonyesha wekundu kifuani, madoa machache kwanza, kisha utepe mzima wa rangi ya hina, na usoni barakoa nyeusi. Wa Siberia anakuwa mwekundu wa matofali kutoka kichwani hadi tumboni. Mavazi hayo ni ya arusi, na arusi iko kando ya maziwa ya mbali yaliyo bado na barafu. Lakini yameshonwa hapa, kwa minyoo ya Kilindini.

Kisha jioni moja ya Aprili, maji yakijaa, wanakuwa hawatulii. Wanaruka, wanatua, wanaruka tena, wakiita sana. Mara moja, katika miaka yote niliyokaa ukutani pale, nimeliona kundi likiondoka. Walikuwa kama arobaini. Walipanda kwa kuzunguka juu ya mlango wa bandari, wakaupita mwamba wa Leven, wakajipanga mstari uliopinda, na wakaelekea kaskazini-mashariki juu ya bahari, jua likiwa nyuma yao. Niliwafuata kwa darubini mpaka nikawa sijui kama nawaona au nakumbuka. Yule kijana wa muhogo alikuwa kando yangu. "Wamekwenda?" akauliza. Nikamwambia wamekwenda. Akaniambia nisubiri, akaenda kuniletea muhogo wenye ndimu na pilipili, na hakutaka pesa.

Juni nilirudi. Kusi ilikuwa ikivuma, mvua ilikuwa imenyesha usiku, na watu walikuwa wamevaa masweta, maana hicho ndicho kipupwe chetu. Maji yalipwa saa nne. Juu ya jiwe lenye mwani, upande wa kushoto, walikuwapo vitwitwi kumi na moja, wote wa rangi ya mchanga, hakuna hata mmoja mwenye hina. Ni wale waliozaliwa mwaka uliopita, ambao hawajafika umri wa kuoa, na ambao hubaki pwani kusi nzima wakingoja zamu yao. Nilikaa nao hadi maji yalipoanza kurudi.